Kilo tisa zimerudi, dada nifanyeje?

Wadogo zangu, wiki hii naomba tukae kwenye jambo moja tu. Barua za wachumba na za mawifi nitazirudia toleo lijalo.

Kuna mdogo wetu mmoja ameniandikia kwa uchungu. Miaka minne iliyopita alikuwa na kilo 118, magoti yanauma, presha iko juu, sukari nayo imeanza kupanda. Familia ikachanga, akaenda India, akafanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Kufika mwaka wa pili alikuwa na kilo 79. Nguo zake zote za zamani akagawa. Sasa mzani unasoma 88, na hataki tena kuhudhuria shughuli za ukoo, maana kila shangazi akimtazama anahisi anadaiwa mchango. Ameuliza: "Dada, kilo tisa zimerudi. Nimefeli?"

Hujafeli, mdogo wangu. Ungeambiwa mapema kwamba kilo kadhaa hurudi, usingelia hivi. Na hilo ndilo linaloniuma: watu wanaonyeshwa picha za mwaka wa kwanza, halafu mwaka wa nne wanaachwa peke yao na mzani.

Hebu tuhesabu. Waswidi walianza mwaka 1987 kuwafuatilia watu zaidi ya 2,000 waliofanyiwa upasuaji wa aina hii, pamoja na wengine zaidi ya 2,000 wenye unene kama wao ambao hawakupasuliwa. Wamekaa nao miaka na miaka. Wengi wa kundi la kwanza walifanyiwa upasuaji wa kizamani ambao siku hizi umeachwa, kwa hiyo tuwatazame wale wa baipasi, ambayo bado inafanyika na nitaieleza hapo chini. Walipofika chini kabisa, kati ya mwaka wa kwanza na wa pili, walikuwa wamepoteza kwa wastani asilimia 32 ya uzito wao. Mwaka wa kumi ilikuwa asilimia 25. Uzito ulirudi kidogo, tena katika nchi yenye hospitali nzuri na madaktari wanaofuatilia. Wale ambao hawakupasuliwa walibaki karibu palepale walipoanzia.

Sasa chukua kilo zako 118. Ulipofika 79 ulikuwa umepoteza asilimia 33. Leo una 88, na bado umepungua kwa asilimia 25. Uko walipo Waswidi wa mwaka wa kumi. Wewe umefika hapo mapema kuliko wao, kwa hiyo kazi ya kufanya ipo na nitakueleza, lakini kazi yenyewe ni kusimama hapo usipande zaidi. Kurudi kwenye 79 usikuhesabu kuwa ndiyo kufaulu. Na shangazi akikutazama kiuno, mwambie kuna kilo 30 ambazo hujazibeba kwa miaka minne, na magoti yako yanazijua.

Hao Waswidi ni wa baipasi, wewe umefanyiwa slivu. Mtaani upasuaji wote huu unaitwa kukata utumbo, lakini slivu haigusi utumbo hata kidogo. Mfuko wa chakula unakatwa kwa urefu, robo tatu hivi au zaidi inatolewa kabisa, unabaki mrija mwembamba. Sehemu inayotolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, ndiyo maana mwaka wa kwanza mtu anasahau hata kula. Baipasi ni nyingine: juu ya mfuko wa chakula wanatengeneza kifuko kidogo cha kubeba vijiko viwili hivi vikubwa, wanakiunganisha na utumbo wa mbele zaidi, chakula kinaruka njia. Ilianzia Marekani, Chuo Kikuu cha Iowa, mwaka 1966, mikononi mwa daktari Edward Mason. Wafini waliwagawa watu 240, wengine slivu wengine baipasi, wakawafuata kwa miaka kumi. Baipasi ilitangulia kwa uzito, ila kidogo tu.

Tofauti kubwa waliyoikuta Wafini ni kiungulia. Miaka kumi baadaye, watu 31 katika kila 100 wa slivu walikuwa na michubuko kwenye umio, njia ile ya chakula kutoka kooni. Wa baipasi walikuwa 7. Kwa hiyo wewe uliyefanyiwa slivu na unalala umeegemea mito mitatu kwa sababu kifua kinawaka, acha kunywa maziwa ukidhani yatapoza. Nenda ukapigwe kipimo cha kuingiza kamera. Na wewe ambaye bado hujapasuliwa na una kiungulia kikali tangu zamani, mwambie daktari kabla hajakuchagulia. Huenda slivu si yako.

Basi kwa nini kilo zinarudi? Mwili una tabia ya kudai uzito wake wa zamani. Baada ya mwaka au miwili njaa inarudi, ule mrija unapanuka kiasi, na mtu ameshazoea. Lakini kuna sababu moja nyingine ninayoiona kwa wengi, nayo inaanzia kwenye sahani yetu ya kila siku. Tonge la ugali likimezwa haraka linakwama kifuani. Mate yanajaa mdomoni, povu linapanda, mtu anaacha wageni mezani anakimbilia chooni. Likimtokea mara kadhaa anauogopa ugali, anaogopa na nyama, wali na chapati navyo anavitazama kwa shaka. Anahamia kwenye vinavyoteleza: biskuti zilizochovywa kwenye chai ya maziwa, uji wenye sukari, aiskrimu, juisi ya miwa. Hivyo havikwami wala havishibishi. Anadonoa mchana kutwa, na jioni anaapa kwamba hajala kitu. Hadanganyi, hajakaa mezani hata mara moja.

Ukitaka kusimama, rudi mezani. Anza na samaki, yai, maharage, kuku au dagaa, kipande kidogo, utafune hadi kiishe mdomoni, uweke kijiko chini kabla ya kuchukua kingine. Halafu mboga. Ugali uje mwisho, nafasi ikiwepo. Maji usinywe pamoja na chakula, subiri nusu saa. Soda na juisi ziache kabisa, hapo sina maneno laini. Halafu nenda kwa daktari akutazame: kuna dawa nyingine zinazonenepesha, kuna tezi ya shingoni inayoweza kulegea, na siku hizi kuna sindano za kupunguza uzito zinazotolewa hata kwa waliokwisha kupasuliwa. Sindano hizo zina masharti yake. Waliotumia mojawapo, semaglutide, kwenye utafiti mkubwa kisha wakaiacha, ndani ya mwaka mmoja walirudisha kama theluthi mbili ya uzito waliokuwa wamepunguza. Kupasuliwa mara ya pili kunawezekana, lakini hatari yake ni kubwa kuliko ya mara ya kwanza, kwa hiyo usianze na hilo.

Kwa mwenye kisukari nina neno. Mnaambiwa upasuaji unaponya sukari. Wale wagonjwa wa Uswidi waliopasuliwa, baada ya miaka miwili, 72 katika kila 100 waliokuwa na kisukari hawakuwa nacho tena. Mwaka wa kumi walibaki 36. Hata miaka michache tu bila sindano na vidonge, macho na figo vikipumzika, ni faida kubwa na siibezi. Ila usitupe mashine yako ya kupimia sukari, na kliniki usiiage.

Na faida nyingine ambayo haionekani kwenye picha: waliopasuliwa kule Uswidi waliishi miaka mitatu zaidi, kwa makadirio ya wastani, kuliko wenzao wanene wasiopasuliwa. Bado hawakuwafikia watu wa kawaida. Pengo la miaka kama mitano na nusu lilibaki.

Sasa nisikilizeni kwenye hili la vitamini, maana hapa ndipo tunapopotea. Ukipungua, unajisikia mzima, chupa ya vidonge inaisha, hununui nyingine. Mwaka unapita na hakuna kitu. Vitamini B12 inawekwa akiba kwenye ini, na akiba hiyo inaweza kukaa miaka, kwa hiyo upungufu unabisha hodi wakati umeshasahau kama ulipasuliwa. Vidole vinakufa ganzi, nyayo zinawaka moto usiku, unasahau ulichofuata jikoni, ulimi unauma. Mtu anapewa dawa za mishipa, anapakwa mafuta, wengine wanapelekwa kwa wataalamu wa mambo ya kurogwa. Hakuna aliyeuliza kuhusu lile kovu dogo tumboni. Ikichelewa sana, ganzi nyingine haiondoki tena.

Madini ya chuma yanatuhusu sisi wanawake zaidi, kwa sababu kila mwezi tunapoteza damu. Ukijikuta unatamani udongo wa Pemba, au unatafuna barafu, nywele zinakatika, ngazi chache zinakuishia pumzi, nenda kapime damu. Vidonge vya chuma usivimeze na chai, chai inavizuia. Usivimeze pamoja na vya kalisiamu pia, vipishe kwa saa mbili. Kwa baipasi, kalisiamu ya aina ya sitreti inafyonzwa vizuri zaidi. Ongeza vitamini D, na multivitamini kila siku ya maisha yako. Wengi wa baipasi wanahitaji na sindano za B12. Vipimo vya damu ni mara kadhaa mwaka wa kwanza, baada ya hapo kila mwaka bila kukosa: wingi wa damu, akiba ya chuma, B12, foleti, vitamini D, kalisiamu. Hospitali ya mkoa ikisema kimojawapo hawana, uliza maabara iliyo karibu inayopeleka sampuli mjini.

Kuna hatari moja nataka muishike kichwani na mumwambie anayelala nanyi nyumba moja. Mtu aliyepasuliwa akitapika mfululizo kwa siku nyingi, hasa miezi ya mwanzo, vitamini B1 inaweza kumwishia. Akianza kuona vitu viwili viwili, kuyumba akitembea, au kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura, na ni ubongo unaoumia. Hospitali nyingi zitamtundikia dripu ya sukari haraka. Waambieni: "Huyu amefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, tunaomba apewe B1 kwanza." Sukari ikitangulia inaweza kumzidishia. Vilevile, wa baipasi akipatwa na maumivu makali ya tumbo, hata baada ya miaka, hata kama ni mjamzito, asipewe dawa ya vidonda vya tumbo na kurudishwa nyumbani. Utumbo unaweza kujipenyeza na kunasa ndani, na hapo anahitaji daktari wa upasuaji siku hiyohiyo.

Kwa sababu hiyo, kila mmoja wenu aliyepasuliwa awe na ripoti ya upasuaji wake. Wengi mnarudi kutoka nje hamjui hata mlifanyiwa nini. Andika barua pepe kule ulikopasuliwa uidai. Kisha andika kwenye karatasi ngumu: aina ya upasuaji, mwezi na mwaka, hospitali, dawa unazotumia. Iweke kwenye pochi pamoja na kitambulisho chako. Ongeza na mstari huu: "Asipewe diklofenaki wala ibuprofeni." Dawa hizo tunazinunua duka la dawa kwa maumivu ya mgongo na ya hedhi bila kufikiri, na kwa aliyefanyiwa baipasi zinaweza kutoboa kidonda pale utumbo ulipounganishwa. Sigara nayo hivyo hivyo. Parasetamoli inatosha.

Rafiki yangu mmoja wa baipasi ameniruhusu nisimulie lake bila jina. Alikuwa kwenye kitchen party ya binti wa dada yake, amevaa gauni alilolingoja miaka. Wakaleta sharubati ya embe na keki. Alikunywa glasi moja tu, akala na kipande. Dakika chache baadaye moyo unamwenda mbio, jasho linamtiririka, tumbo linanguruma, mikono inatetemeka. Akaomba chumba akajilaza, wageni wakanong'ona kuwa ana mimba. Ni sukari nyingi imeingia kwenye utumbo kwa mkupuo, na watu wa baipasi wanaijua hali hiyo. Kuna nyingine inayokuja saa moja hadi tatu baada ya chakula, ambapo sukari ya damu inashuka mno na mtu anaweza kuzimia, tena inaweza kuanza miaka baada ya upasuaji. Kama unaendesha gari na inakutokea, usiifiche kwa daktari.

Tuje kwenye minong'ono, maana mmeniandikia wengi. Ukipungua haraka kwetu, la kwanza watu wanauliza kama umeukwaa. La pili wanauliza mumeo anakutesa nini. Ngozi inalegea mikononi, tumboni na mapajani, nywele zinatoka mwezi wa tatu hadi wa sita kisha zinarudi, uso unazeeka kidogo kabla ya kutulia. Hulazimiki kumweleza mtu. Chagua wawili watatu wa kuwaambia ukweli, wengine waambie unafuata ushauri wa daktari, utakuwa umesema kweli.

Nyumbani nako mambo hugeuka. Kuna mume anayeanza kukagua simu kwa sababu mkewe amependeza. Kuna mke aliyekuwa anavumilia matusi kwa kuamini hakuna atakayemtaka, na sasa havumilii. Kuna aliyekuwa anajifariji kwa chakula, chakula kikaondolewa, na huzuni ikabaki bila pa kwenda. Wengine wanahamia kwenye pombe, na pombe baada ya baipasi inapanda kichwani haraka na kwa nguvu. Marekani waliona matatizo ya pombe yakiongezeka mwaka wa pili baada ya upasuaji. Kwenye utafiti mwingine wa Utah, uliotoka mwaka 2007, vifo kwa jumla vilipungua kwa asilimia 40 kwa waliopasuliwa, vya kisukari vikapungua kwa asilimia 92, lakini vifo visivyo vya magonjwa, vya ajali na vya kujiua miongoni mwake, vilikuwa juu kwa asilimia 58. Siwaambii haya niwatishe. Nawaambia ili dada akikaa chumbani siku tatu hataki kuoga, msiseme "ana nini huyu, si ameshapungua?" Mshikeni mkono mumpeleke kwa daktari wa afya ya akili. Na wewe mwenyewe ukifikia mahali pa kuona bora ufe, usilale nayo hiyo. Mwamshe mtu usiku huohuo.

Wale mnaotaka kwenda kupasuliwa, wala siwazuii. Mwongozo wa zamani wa Marekani ulitaka BMI, yaani kipimo cha uzito kwa urefu wako, ya 40, au 35 ukiwa na maradhi kama kisukari. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa fani hii vililegeza: 35 hata bila maradhi, na kuanzia 30 wanaweza kukufikiria ukiwa na kisukari. Mwanamke wa sentimita 160 anagonga 35 akiwa na kilo 90 hivi, na 40 akiwa na kilo 102. Wewe mwenye kilo 74 unayetaka kupungua kabla ya harusi ya Desemba, upasuaji huu haukuhusu, hata kama kuna anayekubali kuchukua hela yako. Puto la tumboni nalo, ambalo hospitali ya Mloganzila walianza kuliweka mwaka 2022, linaingizwa kwa mdomo bila kisu, na kwa kawaida linatolewa baada ya miezi sita. Likitolewa na sahani ikiwa ileile, mwili unarudi.

Hatari ya kufa ndani ya siku 30 kwenye hospitali zenye uzoefu ni ndogo. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2009 ulikuta watu 3 katika kila 1,000. Swali langu kwa daktari lingekuwa jingine: mwaka wa tano nani ananiangalia? Kama unaenda nje, mtafute kabla ya safari daktari wa hapa atakayekubali kukupokea ukirudi, na uongee naye mwenyewe. Tenga kwenye michango hela ya vitamini na vipimo vya miaka, usiimalize yote kwenye tiketi na kitanda. Na usikubali kupandishwa ndege siku chache tu baada ya upasuaji, damu inaweza kuganda miguuni na mshono unaweza kuvuja ukiwa angani.

Uliyeniuliza kuhusu mtoto: subiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, ikiwezekana miwili, uzito utulie kwanza. Ukipungua, hedhi iliyokuwa inarukaruka inarudi kwenye mstari na mimba inaingia kirahisi hata kwa aliyehangaika miaka. Vidonge vya majira baada ya baipasi huenda visifyonzwe vya kutosha. Tumia kijiti au kitanzi hadi wakati ufike. Na mimba ikiingia mapema, usiitoe kwa hofu, nenda kliniki mara moja na ile karatasi yako, watakupangia vitamini na vipimo.

Na wewe wa Tanga uliyeuliza kuhusu Ramadhani: mwaka wa kwanza madaktari wengi watakuambia usifunge, kwa sababu maji unayoweza kunywa usiku mmoja kwa mfuko mdogo kama huo hayakutoshi. Muulize na sheikh wako, mgonjwa ana ruhusa yake. Baada ya hapo, daktari akikukubalia, futuru kwa maji kidogo na tende moja uitafune taratibu, ungoje nusu saa, ndipo ule samaki au yai, na uji wa sukari uupishe. Vidonge vyako vigawe kati ya futari na daku.